Betri Tuliyoiuza Changamwe

Ti… ti… ti…

Nilifungua macho gizani. Inveta, mashine ya kugeuza umeme wa betri, ilikuwa inalia chini ya ngazi, sauti nyembamba kama ya kifaranga aliyeachwa nje ya banda. Friji ilikuwa imenyamaza, na feni iliyokuwa ikimpepea mtoto imesimama.

– Mahir.

– Mmh.

– Betri zimekwisha tena.

– Nimesikia. Lala.

– Nilale vipi, na maziwa ya Nasreen yako ndani ya friji?

Akanyanyuka, akapapasa ukuta, akazima swichi kubwa. Inveta ikanyamaza. Tukabaki na maji yanayogonga ubavu wa chombo.

– Labda jana kulikuwa na mawingu, akasema.

– Jana jua lilitoboa utosi. Nguo nilizoanika zilikauka kabla sijamaliza kuosha sufuria.

– Basi zimechoka.

– Betri mpya, Mahir? Tumeziweka juzi tu. Zimechokea wapi?

Adhana ya alfajiri ikasikika kutoka ng'ambo. Akavaa kanzu, akashuka kwenye kihori, na makasia yakaanza kulia, kwee, kwee, akielekea msikitini.

Zamani aliswali hapa hapa chomboni, mimi nyuma yake. Siku hizi lazima nchi kavu.

Niwaeleze kwanza tunavyoishi. Hatuna nyumba. Tunakaa ndani ya yoti ya tanga iliyotia nanga kwenye mkono wa bahari pale Mtongwe, Likoni. Mwenyewe yuko Ulaya, na mume wangu Mahir ndiye anayemtunzia. Ndani kuna jiko, vitanda, choo, kila kitu ila waya wa stima. Umeme wetu ni wa jua. Paneli ziko juu, betri nne ziko chini ya sakafu. Mtu wa nchi kavu akiwasha taa hafikirii. Sisi tunafikiri. Ukichaji simu, unajiuliza friji itafika asubuhi? Ukiwasha feni, unaangalia mawingu.

Na aliyenifundisha yote hayo ni Mahir mwenyewe. Tulipooana alinipa testa, ile mashine ndogo yenye waya mwekundu na mweusi, akaniambia:

– Siti, ukijua kuisoma betri, hakuna atakayekudanganya humu ndani.

Nikajua. Betri zile za zamani nilizitia alama kwa rangi yangu ya kucha, nukta moja mpaka nukta nne, ili nijue ipi inadhoofika. Ya nukta tatu ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko wenzake. Siku tuliyobadilisha nilimwambia, hii si bado nzuri, tuiache? Akasema la, betri mpya na kuukuu hazikai waya mmoja, kuukuu itazinyonya mpya. Akazipakia zote nne kwenye kihori, akaenda kuziuza kwa mtu wa skrepa, vyuma chakavu, Changamwe, akarudi na leso ya zambarau.

– Zawadi ya betri, akaniambia.

Nikaifurahia leso ile kama mwari.

Sasa betri ni mpya, jua ni lile lile, na umeme haufiki alfajiri. Kisingizio cha betri kuchoka kilikuwa kimeondoka pamoja na zile kuukuu.

* * *

Jioni mimi husoma. Nilikatiza shule kidato cha pili, sasa nafuata masomo ya jioni Likoni nipate cheti cha kidato cha nne. Mahir hunivusha kwa kihori, Nasreen namwacha kwa Jumwa, anayeuza mahamri na mbaazi karibu na tunaposhukia.

Siku hiyo Jumwa alikuwa anasukuma donge, hakuniangalia usoni.

– Mumeo amekuwa mcha Mungu sana siku hizi.

– Anaswali jamaa. Kuna ubaya?

– Hakuna. Ila mwanamume akianza msikiti ghafla, ama ametubu, ama anatafuta la kutubia.

– Jumwa, sema ulilonalo. Usinizungushe kama mahamri.

Akaweka donge chini.

– Kila jioni, wewe ukishaingia darasani, anarudi chomboni, anatoka na kitu kizito kimefungwa gunia. Anakipakia kwa boda ya Menza. Alfajiri anakirudisha.

– Anakwenda wapi?

– Menza anasema mtaa wa Shika Adabu.

Nikamvuta Nasreen karibu.

– Shika Adabu kwa nani?

– Mwanangu, hilo waniuliza mimi? Wewe ndiye ujuaye mtalaka wake anakaa wapi.

Mahir alikuwa na mke kabla yangu. Nadira. Waliachana bila watoto, bila kelele, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu kinachovunjika kimya hurudi kimya. Siku ya posa nilimtuma ami yangu na sharti moja tu: Mahir asikanyage tena nyumba ile ya Shika Adabu. Akikanyaga, nami niko huru kurudi kwetu, na hakuna atakayenilaumu. Mahir alikubali mbele ya wazee, mkono kifuani.

– Labda ni kazi, nikamwambia Jumwa.

– Labda, akasema, akalirudia donge lake. Huyu mtoto hajala. Mwache ale, nawe nenda ukasome.

Sikusoma. Mwalimu aliandika ubaoni, mimi niliona gunia tu.

* * *

Asubuhi Mahir alikuwa juu, anaosha paneli chumvi na mavi ya ndege. Simu yake ikatetemeka chini ya mto. Mimi si mtu wa kushika simu ya mume. Lakini siku hiyo niliishika.

Jina: FUNDI BETRI C'GAMWE.

Ujumbe: "Jana iliniishia kabla ya alfajiri. Leo wahi kidogo. Mama anakuulizia."

Nikausoma tena. Fundi gani wa betri ambaye mama yake anamuulizia mume wangu?

Nikainakili namba, nikapiga kwa simu yangu, nikajibana chooni.

– Haloo, fundi?

– Abee?

Nikakata.

Hapa kwetu mwanamume akiitwa hujibu naam. Abee ni ya mwanamke, na ilivyotoka, ya taratibu, ya adabu, alikuwa mwanamke aliyelelewa vizuri. Nilikaa pale chooni nimeishika simu mpaka Nasreen akagonga mlango akitaka kukojoa.

Mchana Mahir alipokwenda kununua maji, nikainua sakafu. Jua lilikuwa juu ya kichwa, betri zilipaswa kuwa zinakaribia kujaa. Nikaweka testa. Namba ilikuwa chini, kama ya asubuhi. Kuna kitu kilikuwa kinakula.

Nikafuata nyaya moja moja kwa kidole. Nyaya zetu zote nazijua. Huu mweusi, uliofungwa tepu, sikuujua. Ulipita nyuma ya kabati, chini ya kitanda cha Nasreen, ukaingia mbele kabisa, kwenye shimo la kuwekea matanga. Nikaingia kwa magoti. Nikavuta tanga kuukuu.

Betri. Juu yake nukta tatu za rangi yangu ya kucha.

Betri tuliyoiuza ilikuwa imelala ndani ya chombo chetu, ikinyonya jua letu.

Nikaifunika kama nilivyoikuta. Mahir aliporudi nilimpakulia wali na samaki, nikakaa mbele yake.

– Baba Nasreen, yule mtu wa skrepa alichukua betri zote?

– Zote nne.

– Hata ile ya nukta tatu?

– Siti, betri ni betri. Saa hizi zimeshayeyushwa.

– Sema wallahi.

Kijiko kikasimama njiani.

– Kwa ajili ya betri kuukuu niape?

– Usiape basi. Kula.

Akala, lakini alikula kama mtu anayetafuna karatasi. Mahir anaweza kudanganya, nimejua. Kuapa uongo bado hajaweza. Nilishika kijitumaini hicho kidogo, nikajichukia kwa kukishika.

* * *

Jioni alinivusha kama kawaida.

– Soma vizuri, mwalimu, akaniambia. Huniita hivyo akitaka nicheke.

– Nitasoma.

Sikwenda darasani. Nilikaa nyuma ya banda la Jumwa, Nasreen mapajani, mpaka Mahir alipotoka na gunia, akalifunga kwa boda, akaondoka. Menza aliporudi nikamsimamisha.

– Nipeleke ulipompeleka mume wangu.

– Mama Nasreen, mimi ni boda tu. Sitaki kuingia katika ndoa za watu.

– Nimekwambia uingie? Wewe endesha tu.

Mtaa ule wa Shika Adabu ulikuwa giza tupu, watu wamekaa barazani na taa za simu. Akanishusha mbele ya nyumba ya mawe yenye mlango wa kijani.

– Hodi.

– Karibu.

Mlango ukafunguka. Mwanamke mrefu, deraa limemlowa kifuani, nywele hazijachanwa, macho yameingia ndani kwa kukosa usingizi. Sikuwa nimemtarajia hivyo. Nilikuwa nimemvika wanja na udi kichwani mwangu.

– Mama Nasreen, akasema.

– Wanijua.

– Nitakosaje kukujua? Pita. Chunga, kuna ndoo hapo.

– Sikuja kupita. Nimemfuata mume wangu.

– Yuko ndani.

Kulisema kwake, bila haya wala haraka, ndiko kulikonichoma zaidi. Nikapita, mtoto mkononi.

Mahir alikuwa amepiga magoti sakafuni, mikono ya shati imekunjwa, anafunga waya kwenye betri ya nukta tatu. Aliponiona alisahau kusimama.

– Siti.

– Abee, fundi betri wa Changamwe.

– Nisikilize.

– Nimekusikiliza mwezi mzima. Mara mawingu, mara zimechoka, mara zimeyeyushwa. Nguo zangu na za mtoto nimeshazifunga. Nimepita hapa nikuone kwa macho yangu, kisha nakwenda kwa mama.

– Nani huyo?

Sauti ilitoka kitandani, nzito, kama ya mtu mwenye chakula mdomoni. Nadira akainua taa ya simu. Ndipo nilipomwona bibi aliyelala pale, upande mmoja wa uso umeshuka, mkono mmoja umelala kama si wake.

– Ni mke wa Mahir, mama, Nadira akasema.

– Mlete.

Nilikuwa na hasira, lakini sikulelewa kumpita mtu mzima bila salamu.

– Shikamoo, bibi.

– Marahaba, mwanangu. Kaa. Mtoto… mkalishe hapa.

Nasreen akajitoa mkononi mwangu, akapanda pembeni mwa kitanda kana kwamba ni kwao.

Bibi huyo alikuwa Bi Mwanabibi, mamake Nadira. Alikuwa amepooza tangu mwisho wa mwaka. Mgongo ulipoanza kutoka vidonda, hospitali walimpa godoro la hewa, lile linalojaa na kupungua lenyewe ili mwili usilalie mahali pamoja. Lina pampu ndogo, na pampu inataka umeme. Transfoma ya mtaa ikaungua.

– Mchana namgeuza kwa mikono, Nadira akasema. Usiku mikono haiinuki. Niko peke yangu. Mama akasema, mwite Mahir.

– Na wewe ukamwita.

– Nikamwita. Nikamwambia pia, mwambie mkeo. Siku ya kwanza nilimwambia, na kila siku nikamwambia. Jana nimemwambia.

Nikamgeukia Mahir. Alikuwa anaangalia waya.

– Ni kweli?

– Kweli.

– Sasa kwa nini simu inasema fundi?

– Hilo hata mimi sikulipenda, Nadira akadakia. Nimeolewa, nimeachwa, haya. Kufanywa fundi wa Changamwe sikuzoea.

Jumwa angecheka. Mimi sikucheka.

– Siti, Mahir akasema, uliniwekea sharti mbele ya wazee. Nisikanyage nyumba hii. Na huyu ni mkwe wangu. Talaka haiondoi hilo. Yeye ni mama yangu mpaka kufa. Nilikuwa katikati, sikujua niende wapi.

– Ukaenda kote kuwili.

Akainamisha kichwa.

– Mwanangu, Bi Mwanabibi akasema, akivuta kila neno kama kamba yenye mzigo. Aliyeachwa… ni Nadira. Mimi hakuniacha.

– Sina neno na wewe, bibi. Wallahi sina. Nina neno na huyu. Mahir, ile leso ulinunua na pesa za betri gani?

– Tatu niliziuza. Hii tu ndiyo niliyoibakisha.

– Nikajifunga leso ambayo robo yake ni uongo, nikakushukuru.

– Nilidhani stima itarudi baada ya siku mbili. Ingerudi, usingejua, hakuna ambaye angeumia. Haikurudi. Kila siku ikawa ngumu zaidi kusema.

– Ungeniambia.

– Ungekataa.

Nilitaka kusema la. Nadira alikuwa ananiangalia, na mamake pia, kwa jicho lake moja lililo wazi vizuri.

– Siku ya kwanza ningekataa, nikasema. Ya pili ningeuliza hali ya mama. Hukunipa hiyo siku ya pili, Mahir. Uliamua mimi ni mtu wa siku ya kwanza tu. Hapo ndipo uliponivunja, si hapa kwa Nadira.

Mahir alifuta uso kwa mkono wenye grisi, akaacha mstari mweusi shavuni.

– Nimekosa. Sina la kuongeza.

Pampu ilikuwa imeanza kazi, inanguruma taratibu, godoro likipanda upande mmoja na kushuka mwingine. Nasreen alikuwa ameliwekea sikio.

Sijui mikono yangu iliamua lini. Nilijikuta nimetoa testa mkobani, nimepiga magoti, nimegusa betri waya mwekundu na mweusi.

– Hii haijajaa hata nusu. Umeitoa lini?

– Nilipokuvusha.

– Na asubuhi uliifunga saa ngapi? Jua limeshapanda. Tena umeifunga pamoja na betri mpya, kinyume na ulivyonifundisha. Kuukuu inazinyonya mpya, zote zinalala njaa.

– Kuukuu ndiye mimi? Nadira akauliza.

– Nazungumzia betri.

– Nami nauliza betri.

Hapo ndipo Bi Mwanabibi alipotoa sauti fulani, nikashtuka nikidhani amekabwa. Alikuwa anacheka.

Nikasimama, nikakung'uta magoti.

– Ile paneli yetu ndogo, tuliyokuwa nayo tulipopanga chumba Bombolulu. Bado iko chini ya ngazi?

– Iko, Mahir akasema.

– Kesho inakuja hapa, juu ya bati. Betri itakaa hapa hapa, itashiba hapa hapa. Haitabebwa tena kwa gunia kama mtu aliyeuawa.

– Na wa kuiangalia? Inataka maji, inataka kusuguliwa vichwa.

– Mimi.

– Wewe?

– Mimi na testa yangu. Wewe ukitaka kumsalimia mkweo, tutakuja pamoja, mchana, kwa mlango. Sharti langu la zamani nimelibadilisha. Hilo ndilo jipya.

Nadira alinitazama kwa muda. Sikuona shukrani, wala sikuitaka. Niliona mtu aliyechoka akipima kama ataweza kuegemea ukuta huu.

– Basi nitakuwa nakuwekea chai, akasema. Ama nayo utataka kuitia testa?

– Ya kwanza nitaitia.

– Ni haki yako.

Mahir alisogea, polepole, kama anayekaribia ngazi asiyojua kama imefungwa.

– Mama Nasreen.

– Usiniite kwa sauti hiyo.

– Nauliza tu. Usiku wa leo… unakwenda kwa mamako?

– Nimeshakwambia. Nguo ziko tayari, begi limefungwa, liko mlangoni. Usidhani kwa kuwa nimeshika waya nimelainika.

Akaitikia kwa kichwa, macho chini. Nadira akajifanya anatengeneza shuka.

Kutoka kitandani, sikio lake bado liko kwenye godoro, Nasreen akasema:

– Mama hakufunga nguo zozote.